Mlio Ulionyamaza Wenyewe

Gereji ile ilikuwa na vipimo viwili. Kimoja kilikuwa kompyuta ya kusomea magari. Mjomba ndiye aliyeinunua, na muda mwingi ilifunikwa nailoni isiingie vumbi. Cha pili kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, uliosuguliwa na miaka mpaka ukang'aa, na hiyo ilikuwa ya babu, baba yake mjomba. Dereva akifika na gari linalogonga, akaulizwa apimiwe kwa kipi, hujibu kabla swali halijaisha: "Niitieni Mzee Sikio."

Mzee Sikio hakuwa mtu wa pupa. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana kwenye sikio la kulia, akafumba macho kama mtu anayenong'onezwa siri ya ukoo. Huhamisha ncha kidogo kidogo, kwenye pampu ya maji, kwenye kifuniko cha vali, kwenye alteneta. Mwisho hufumbua macho na kusema, "Beringi ya pampu. Fungueni." Wakifungua, ni beringi ya pampu kweli.

Mjukuu wake walimwita Spana. Tangu amalize darasa la saba hakutoka tena mle gerejini, na watu walisema akishika jambo halimponyoki mpaka limekaza. Sasa alikuwa msichana mzima, oili imeingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Babu alimwita mke wangu, naye alimwita babu mume wangu, na Bibi akiwasikia kutoka jikoni hujibu, "Mchukue, mwanangu. Ila uchukue na nguo zake za oili."

Asubuhi moja dereva wa matofali alileta pikapu yake kubadilisha oili tu.

"Na ile kelele ya juzi?" babu akamwuliza.

"Imekwisha, mzee wangu. Iligonga kutwa nzima, kesho yake nawasha, kimya. Gari limejitibu."

"Nani alilifungua?"

"Hakuna."

"Nani aliligusa?"

"Mzee, si nimesema? Limejitibu lenyewe."

Babu akageuza shingo. "Spana, mwambie huyu bwana sheria ya hapa."

Spana aliisema huku anafuta mikono kwa kitambaa, kwani aliijua hata kabla hajajua kufunga nati. "Mlio ukinyamaza wenyewe, ogopa."

"Umesikia? Washa."

Gari likawashwa. Babu akainama chini ya boneti, ncha ya bisibisi ikagusa chuma, mpini ukagusa sikio la kulia. Hapo hapo akauvuta nyuma kama aliyepigwa na waya wa plagi. Akasimama kidogo, akajifanya anakohoa, kisha akauhamishia sikio la kushoto. Sikio la kushoto lilikuwa la simu na maneno ya Bibi, halikuwa la kazi. Akasikiliza, akasikiliza, halafu akanyoosha bisibisi pembeni bila kumtazama mtu.

"Sikiliza wewe."

"Mimi?"

"Kwani masikio yako umeyaazima?"

Spana akasikiliza. Mwanzo alisikia ngurumo tupu, kisha chini ya ngurumo, upande wa kushoto, kitu kinachokwaruza kama panya ndani ya gunia. Akaingia chini ya gari na tochi. Boliti moja ya kushikilia injini haikuwepo, na injini ilikuwa imelalia upande.

"Iliyokuwa inagonga ni boliti," babu akamwambia dereva. "Sasa haigongi kwa sababu haipo. Ungeshuka ule mteremko na mzigo wa matofali, injini ingekuaga njiani."

Dereva akakaa juu ya gurudumu na kufuta jasho. Habari ya gari kujitibu hakuirudia.

Lakini Spana hakuwa anamtazama dereva. Alikuwa anautazama mkono wa babu, ulivyopanda taratibu ukakaa kwenye taya la kulia, ukalishika kwa upole kama unavyomshika mtoto anayetaka kulia mbele ya wageni.

Sikio lile lilianza kwa kuwasha. Babu alikuwa na kisukari cha siku nyingi. Vidonge alimeza alipokumbuka, na Bibi akificha bakuli la sukari, madereva wenyewe walimletea soda kama zawadi. Sikio likiwasha, alilikuna kwa njiti ya kiberiti. Njiti iliposhindwa, akanunua mpira mpya wa kujazia maji ya betri, akauchemsha, maana hakuwa mtu mchafu, akamwambia Spana amsukumie maji ya uvuguvugu.

"Tundu likiziba husafishwa kwa presha," alisema. "Injini, bomba, sikio, yote mamoja."

Baada ya siku kadhaa sikio likavimba, likatoa usaha wenye harufu. Wakanunua matone duka la dawa. Usaha ukapungua, ukakauka, na babu akatangaza kwamba amepona.

Ila hakupona. Kila asubuhi Bibi aliamka na habari ile ile. "Babu yako kakesha ameketi kama mlinzi," alimwambia Spana. "Na mlinzi angalau hupewa rungu."

Maumivu yakateremka kwenye taya, akawa hawezi kutafuna mkate mkavu. Mjomba, ambaye alipenda jambo liishe leo ili kesho lisiwepo, akasema ni jino. Daktari wa meno alilitazama na kusema jino hilo haoni ubaya wake, lakini babu na mwanawe wakashikilia kwamba litoke. Likatoka. Maumivu yakabaki palepale, tena sasa yakiwa na nafasi zaidi ya kukaa.

Basi jioni ya siku ile ya pikapu, walipokuwa wanakunywa chai, Spana akalitoa moyoni.

"Babu leo ameshindwa kuweka bisibisi sikioni."

Mjomba hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Sikio ni kavu. Nimelitazama mwenyewe kwa tochi. Au unataka usaha urudi ndiyo ufurahi?"

"Nataka kujua umekwenda wapi."

"Nani?"

"Usaha. Matone tuliweka siku chache, ukakauka, lakini maumivu yanazidi. Sikio lingekuwa limepona, na maumivu yangeondoka."

Babu akacheka, kicheko kifupi kisichopendelea kufunguka sana. "Mke wangu, mimi si pikapu."

"Pikapu uliifungua, mume wangu. Wewe nani amekufungua?"

"Acha hizo," mjomba akasema. "Nina malori matatu yanasubiri sikio la mzee. Tukiyamaliza, nitampeleka hospitali mimi mwenyewe."

Bibi alikuwa anakoroga kikombe kisicho na sukari. Spana hakubisha zaidi, lakini hakuwa amekubali. Kuanzia jioni hiyo akawa anamtazama babu kama unavyolitazama gari usilo na ruhusa ya kuligusa: jinsi anavyokaa, jinsi anavyosimama, upande anaolalia, chakula anachoacha.

Kilichomfichua babu hakikuwa sikio. Ilikuwa pumzi.

Siku chache baadaye waliletewa jenereta isiyotaka kuwaka. Spana akafungua kabureta, akatoa kile kijipande cha shaba kinachopitisha mafuta, hakizidi punje ya hindi, na tundu lake ni jembamba kama la sindano. Ukitaka kujua kama kimeziba unakiweka mdomoni na kupuliza. Upepo ukipita kina sauti, filimbi nyembamba sana. Babu alikuwa bingwa wa hiyo filimbi. Akakichukua, akakipangusa, akapuliza.

Hakuna filimbi. Palisikika "pff" tu, upepo ukitoka pembeni.

Akapuliza tena. Pff.

"Kimeziba," babu akasema. "Lete waya mwembamba."

Spana akakichukua mkononi mwake, akapuliza. Kikalia filimbi safi, nyembamba, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa pumzi.

Wakatazamana. Pembe ya kulia ya mdomo wa babu ilikuwa imeteremka na mate yaling'aa hapo. Jicho la kulia lilikuwa na machozi, nalo lilipepesa nyuma ya mwenzake, kama taa ya gari yenye waya uliolegea. Shavu la kushoto lilikuwa la babu yule yule. La kulia lilikuwa limelala kama shuka lililoanikwa siku isiyo na upepo.

"Babu, cheka."

"Nimcheke nani?"

"Nicheke mimi. Nina oili puani."

Babu akamtazama pua, akacheka. Kilichocheka kilikuwa nusu ya uso.

Spana hakupiga kelele. Aliweka kile kijipande cha shaba ndani ya kibati chake, akavua ovaroli, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko. Kisha akaichukua bisibisi yenye mpini wa mbao kutoka ukutani, akaitia mfukoni mwa begi lake.

"Hiyo unaipeleka wapi?" babu akauliza, na sasa hata maneno yalikuwa yanavuja upande mmoja.

"Hospitali. Ukitaka kuifuata, twende."

Mjomba akatoka ofisini. "Nini tena?"

"Mtazame baba yako usoni, mjomba."

Mjomba akatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaiweka simu chini. "Haya. Kesho alfajiri na mapema nita..."

"Leo."

"Na jenereta ya watu?"

"Una kompyuta."

Aliyewapeleka ni dereva wa matofali, aliyekuwa amekuja kukaziwa ile boliti mpya. Alisafisha kiti kwa mkono, akamwinua babu kama yai. Njia nzima hakuzidisha mwendo, na kwenye kila shimo aliomba radhi.

Kwenye mapokezi ya wagonjwa wa dharura, muuguzi alipouona ule mdomo tu, akatamka kiharusi, na babu akapitishwa mbele ya foleni. Daktari aliyekuja alikuwa kijana, lakini mikono yake ilikuwa na utulivu. Alimwambia babu ainue mikono yote miwili, abane vidole vyake, asukume kwa miguu. Nguvu zilikuwepo. Akamwambia ainue nyusi. Paji la kushoto likakunjana mistari mistari, la kulia likabaki laini kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Kwenye kiharusi, mara nyingi paji la uso huachwa salama," daktari akasema, zaidi kama anajisemea. "Hapa nalo limelala. Huenda ni ule mshipa wa fahamu wenyewe unaoendesha uso, umeguswa mahali njiani. Na njia yake inapita karibu na sikio. Masikio yako vipi, mzee?"

"Mazima," babu akasema.

"Si mazima," Spana akasema.

Babu akamfinya mkono. Spana akauacha mkono ufinywe akaendelea. Akasema yote, na hakuruka kitu: kuwasha, mpini wa bisibisi, njiti, mpira wa betri na maji aliyoyasukuma kwa mkono wake mwenyewe, usaha, matone, ukavu, usiku wa kuketi, jino lililong'olewa bila kosa. Alisema taratibu, kama anavyomweleza mwenye gari, kwanza nini kilisikika, kisha nini kiliguswa. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, aliuliza neno moja tu.

"Sukari?"

Wakampima. Sukari ilikuwa juu, na daktari kijana akaenda mwenyewe kumwita daktari wa masikio.

Daktari wa masikio alikuwa mama mfupi, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Aliliwekea sikio la babu mwanga, akatazama muda mrefu bila kusema. Kisha akatoa chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga gotini kikaanza kulia, akakisimamisha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la babu.

"Unakisikia?"

Babu akafumba macho, tabia yake ya zamani. "Nakisikia ndani ya kichwa."

"Na hapa, mbele ya tundu?"

"Hapo hafifu."

"Basi sauti inafika kwa kupitia mfupa, lakini mlangoni pameziba."

"Daktari," babu akasema, na jicho lake la kushoto likang'aa, "kumbe na wewe unasikiliza kwa chuma."

"Ndiyo, baba. Lakini mimi chuma changu nakiweka nje." Akavaa miwani. "Sikiliza sasa. Chini ya njia ya sikio lako, pale panapoanzia mfupa, pameota nyama. Nyekundu, laini, haikutakiwa kuwepo. Vijidudu vilianzia kwenye ngozi, vikaingia kwenye mfupa, na sasa vinatembea chini ya fuvu."

"Lakini usaha umekauka."

"Matone yamekausha ukumbini. Chumbani hayafiki. Mtu mwenye sukari nyingi mwili wake hauna walinzi wa kutosha, na vijidudu hivi hupenda majimaji. Dalili yake kubwa ni hiyo aliyoisema mjukuu wako: maumivu makali kuliko sikio linavyoonekana, tena yanayozidi usiku. Sasa vimefika kwenye mshipa wa uso. Tukiviacha vitafika kwenye mishipa ya kumezea na ya sauti, kisha ubongo."

"Mtu anaweza kufa kwa sikio?" Spana akauliza.

"Anaweza."

Babu alitazama dari, kisha mikono yake.

"Huyu hatakufa kwa sikio," Spana akasema. Hakumwambia mtu yeyote hasa. "Tufanye nini?"

Daktari akamweleza. Watapiga picha ya mashine kubwa kuona mfupa umeliwa mpaka wapi. Watakata kipande kidogo cha ile nyama kikapimwe, kujua ni kijidudu gani na dawa ipi inakiua, na kuhakikisha si saratani, maana kwa macho tu vinaweza kufanana. Sukari itashushwa na kushikiliwa chini. Dawa itaingia kwa mshipa, halafu itafuatwa na vidonge, na yote hayo ni wiki nyingi. Mfupa haunywi dawa haraka.

"Na uso utarudi?"

"Hilo sikuahidi. Uso ukirudi hurudi polepole, na wakati mwingine haurudi wote. Kwanza uhai."

Spana akashukuru kwamba hakudanganywa.

Picha ikaonyesha mfupa uliotafunwa kama mbao yenye mchwa. Kile kipande cha nyama kikarudi na majibu: si saratani, ni vijidudu vile vile daktari alivyovishuku, na dawa yake ipo. Babu akabandikwa sindano ya plastiki mkononi, akapewa kitanda kando ya dirisha, na jicho la kulia likawa linatiwa dawa ya kulainisha na kufungwa akilala, kwa kuwa halikufumba lenyewe. Kila asubuhi muuguzi alimtoboa kidole kupima sukari, naye babu akakiita kile kipimo kijiti cha oili. "Chomoa tuone," alisema. "Imezidi au imepungua?"

Siku zikaenda. Maumivu yakaanza kulegea, kwanza ya mchana, halafu ya usiku. Babu akalala usiku mmoja mzima, na Bibi aliposimuliwa akakaa chini kwenye kiti cha mgonjwa wa jirani akafuta macho kwa upindo wa kanga. Lakini afya ikirudi na ukaidi hurudi. Babu akaanza kutaniana na wauguzi, akaanza kuuliza habari za malori, akaanza kulilalamikia dirisha.

Mchana mmoja Spana alifika na uji, akamkuta babu ameketi ukingoni mwa kitanda, shati la kutokea mwilini, viatu miguuni, kamba zimefungwa. Ile sindano ya plastiki ilikuwa bado imebandikwa mkononi, imefichwa ndani ya mkono wa shati. Mjomba amesimama na begi.

"Mwenyewe anasema haumwi," mjomba akasema kabla hajaulizwa. "Atameza vidonge nyumbani. Malori yote matatu yamesimama, Spana. Kompyuta inasema hivi, injini inasema vile."

Daktari wa masikio alikuwa mlangoni, ameitwa na muuguzi. "Nimeshawaeleza," akasema. "Damu inaonyesha moto bado upo mfupani. Ndiyo kwanza sukari imeanza kutulia. Akiondoka leo ugonjwa utarudi, na ukirudi huwa mkali zaidi. Lakini ni mtu mzima na akili zake. Siwezi kumfunga kamba."

Spana akaweka uji juu ya kabati. Akatoa bisibisi kwenye begi, akaketi karibu na babu, akailaza juu ya magoti yake.

"Maumivu yamekwisha, mume wangu?"

"Yamekwisha."

"Mlio ukinyamaza wenyewe..."

"Haukunyamaza wenyewe," babu akadakia, na nusu ya mdomo ikatabasamu kwa ushindi. "Umeguswa na dawa. Sheria yangu nimeitunga mimi, usinichezee nayo."

Mjomba akacheka. Spana hakucheka. Alikubali kwa kichwa, kwa sababu babu alikuwa amesema kweli, akafikiri kidogo.

"Haya. Injini inashikwa na boliti nne. Nimefunga mbili. Nawasha, gari halitikisiki, kimya kabisa. Nimpe mwenyewe aondoke?"

"Usimpe."

"Kelele si imekwisha?"

"Kelele imekwisha, lakini akipakia mzigo..." Babu akaishia hapo.

Spana akageukia mlangoni. "Mama daktari, zimefungwa boliti ngapi?"

Daktari alikuwa amekwisha kuielewa lugha. "Moja, binti yangu. Ya pili tunaishika sasa."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alijifanya amelala, akafumbua jicho moja asikose mwisho. Babu aliinama, akatazama viatu vyake kama vya mtu mwingine.

"Nivue viatu, mke wangu."

"Umevaa mwenyewe, vua mwenyewe."

Akavivua. Mjomba akasimama na begi lake kwa muda, kisha akaliweka chini ya kitanda, akashika kamba ya kiatu cha pili iliyokataa, akaifungua yeye. "Na malori?" akauliza, lakini kwa sauti ya chini.

Babu akaichukua ile bisibisi, akaupangusa mpini kwa shuka la hospitali, akampa Spana. "Atasikiliza huyu."

"Ngoja kwanza," daktari akasema. Alikuwa ameikazia macho. "Hicho ndicho kitu mlichokuwa mnaingiza sikioni?"

"Mpini tu, daktari," babu akasema.

"Hata mpini." Akaichukua, akaugeuza mpini, akauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la Spana, pale alipokuwa ameweka ule uma wake. "Hapa. Mfupa utakuletea sauti. Tundu liacheni kavu na peke yake. Maji yasiingie, njiti isiingie, chuma kisiingie."

Kesho yake Spana alisimama mbele ya lori la kwanza, mjomba pembeni amekunja mikono. Nyuma ya sikio sauti ilikuja tofauti, nzito zaidi, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Alisikiliza kwa muda ambao mjomba aliuona mrefu. Alihamisha ncha, akarudi, akahamisha tena.

"Mnyororo wa taimingi," akasema. "Fungueni."

Wakafungua. Haukuwa mnyororo, kilikuwa kikazio chake kimelegea, mahali pale pale, kiganja kimoja pembeni. Mjomba akakohoa. Spana akaenda hospitali jioni akamweleza babu yote, pamoja na kosa.

"Kiganja kimoja," babu akasema. "Mimi mara yangu ya kwanza nilikosea gari zima."

Babu alirudi nyumbani siku ambayo damu ilikubali, si siku aliyotaka yeye. Alirudi na vidonge vya wiki nyingine nyingi na kijiti chake cha oili, na tarehe za kurudi kliniki Bibi alizikariri kama majina ya watoto wake. Sikio la kulia lilisikia kwa mbali. Jicho lilianza kufumba, si lote. Soda zilizoletwa na madereva Bibi alizipokea mlangoni kwa heshima, akawapa mafundi.

Akakaa gerejini kwenye kiti cha plastiki, kivulini, akitoa maoni ambayo hakuombwa. Na kila asubuhi, kabla hajameza dawa, aliomba kile kijipande cha shaba cha jenereta, ambacho Spana alikibadilisha kwa kipya ili hicho kibaki. Alikichemsha, akakipangusa, akakiweka mdomoni na kupuliza.

Pff.

Ikawa hivyo siku nyingi. Spana hakumwambia itarudi, wala hakumwambia haitarudi. Alisimama tu mbele yake na kikombe cha maji, akisikiliza.

Asubuhi moja dereva wa matofali alikuwepo, boneti iko wazi, ndipo babu alipopuliza, na nyuma ya ule upepo unaovuja ikasikika sauti nyembamba, fupi, yenye kutetemeka. Dereva akageuka kutafuta ndege.

Babu akakitoa mdomoni. Akamtazama Spana, uso wake umepinda kwa kucheka, na safari hii upande wa kulia nao ukajaribu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nimepona."

"Boliti ya tatu," Spana akasema, akamnyooshea kikombe. "Meza dawa, mume wangu, nina lori linasubiri."